“Unbwogable” lilitoka wapi, na lina mwenyewe?

“Mwalimu, habari ya kazi. Nina kibanda cha kuchapisha tisheti hapa Kondele, Kisumu. Kikundi kimoja kimeniagiza tisheti zilizoandikwa ‘Unbwogable’, na sasa nafikiria kuchapisha nyingine nyingi nizihifadhi kwa ajili ya mechi za klabu ya Gor Mahia na kampeni za 2027. Shida ni kwamba kila mtu ana hadithi yake. Mjomba wangu anasema neno hilo lilibuniwa na wanasiasa wa NARC, ule muungano wa upinzani wa 2002, pale Uhuru Park, Nairobi, eti lilikuwa jina la Raila. Jirani yangu ambaye ni mwalimu anasema ni Kiingereza kibovu, nisilitie kwenye nguo. Mteja wa kutoka Kisii aliponiuliza maana yake nilimwambia ‘mtu asiyeshindwa’, mama mmoja muuza samaki akanicheka mbele ya watu. Wimbo ulipotoka mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Ukweli ni upi? Na je, kuna mtu anaweza kunishtaki?”

Ndugu yangu wa Kondele, umeuliza mambo mawili: neno limetoka wapi, na kama lina mwenyewe anayeweza kukudai. La pili haliwezi kujibiwa vizuri kabla ya la kwanza, kwa hiyo nivumilie kidogo kabla hatujafika kwenye sheria. Na kwa kuwa mjomba wako anangoja jibu, tuanze naye.

Mjomba amechanganya misemo miwili ya mwaka mmoja. “Unbwogable” ni jina la wimbo wa mwaka 2002 wa vijana wawili, Joseph Ogidi na Julius Owino, waliojiita Gidi Gidi Maji Maji. Hawakuwa wageni masikioni mwa watu. Wimbo wao wa awali, “Ting Badi Malo”, yaani inua mkono wako juu, ulikuwa umeshawainulisha watu mikono kwenye disko na matatu. Kilichotokea Uhuru Park ni kitu kingine. Tarehe 14 Oktoba 2002, Raila Odinga alisimama mbele ya umati akatamka “Kibaki Tosha”, na maneno hayo mawili yakamaliza ubishi wa nani angepeperusha bendera ya upinzani. Huo ndio msemo uliozaliwa kinywani mwa mwanasiasa. “Unbwogable” NARC waliukuta ukipigwa redioni wakauchukua, wakaufanya wao. Na kulikuwa na wa tatu: pambio la kanisani la kusema yote yawezekana kwa imani, ambalo umati uliligeuza kuwa “yote yawezekana bila Moi”. Kwa hiyo mjomba hakosei kukumbuka kelele za Uhuru Park, anakosea tu kuhusu nani aliyetangulia kusema nini. Kuhusu Raila, majina yake ya sifa yaliyodumu ni Tinga, lililotokana na trekta iliyokuwa nembo ya chama chake cha NDP, na Agwambo. Kuitwa “Unbwogable” aliitwa, kama walivyoitwa wengi, lakini halikuwa lake peke yake.

Sasa maana. Kiini cha neno ni kitenzi cha Dholuo, lugha ya Wajaluo: bwogo, yaani kumtisha mtu, kumshtua, kumtia woga. Mtoto anayejificha nyuma ya mlango amshtue dada yake akiingia, hicho ndicho anachofanya. Askari anayekukaripia ili umpishe njia, naye hali kadhalika. Hakuna habari ya kushinda wala kushindwa hapo, na ndiyo sababu mama wa samaki alicheka. Mtu anaweza kushindwa kura, akashindwa kesi, akashindwa mechi, na bado woga usimwingie. Gor ikifungwa na mashabiki wake wakaendelea kuimba mpaka nje ya uwanja, timu imeshindwa lakini wao hawajatishika. Mteja wako wa Kisii mwambie hivyo: asiyetishika. Ni sifa ya moyo wa mtu, haihusu matokeo.

Mahali ambapo neno hili linanifurahisha zaidi, kama mtu anayefundisha isimu, ni namna lilivyoungwa. Vitenzi vya Dholuo katika umbo lake la kawaida huishia na -o: hero ni kupenda, bwogo ni kutisha. Ukitaka kumtaja anayependwa, ile -o hudondoka na kiambishi kikakaa mahali pake. Aheri, nakupenda. Ihera, wanipenda. Tazama basi walichofanya vijana wale. Waliidondosha -o ya bwogo, wakabaki na bwog-, na mahali ambapo Mjaluo angepachika kiambishi chake wakapachika -able ya Kiingereza, kisha mbele wakatia un- ya kukanusha. Sarufi ya Kiingereza haikuvunjwa, maana -able hupenda kitenzi chenye kumtaka mtendwa, na bwogo lazima awepo anayetishwa. Sarufi ya Dholuo nayo haikuumizwa, kwa kuwa mkato umepita palepale ambapo Dholuo yenyewe hukata. Sidhani waliketi na kitabu cha sarufi. Mtu aliyekulia katika lugha mbili huhisi tu viungo viko wapi.

Kisha kuna jambo ambalo watu hawalioni kwa sababu wamelizoea. Wakenya tunachanganya lugha kila siku, lakini karibu kila mara mchanganyiko unaelekea upande mmoja: mzizi wa Kiingereza unavikwa viambishi vya Kiswahili. Nimedanlodi. Ameniblock. Kiingereza ndicho kinacholeta kitu kipya, Kiswahili kinakipa mkono na mguu. “Unbwogable” imegeuza mambo. Mzizi ni wa nyumbani, na Kiingereza ndicho kinachotumika kama mkono na mguu. Kijana wa Kisumu au wa Eastlands aliyesikia hivyo mwaka 2002 huenda asingeweza kukueleza, lakini sikio lake lilisikia: leo lugha ya shuleni ndiyo inayoibeba lugha ya mama.

Na hapo ndipo lilipo jibu la swali ambalo hukuliuliza lakini lazima umejiuliza: neno la Kijaluo liliimbwaje na umati uliojaa Wakikuyu, Waluhya, Wakamba na Wamijikenda? Un- na -able kila aliyepita shule ya msingi anavijua. Akisikia neno lililokaa katikati ya viambishi hivyo, ameshapata nusu ya maana bila mkalimani: huyu mtu kuna jambo haiwezekani kumfanyia. Jambo gani? Wimbo wenyewe unamfundisha. Kiitikio kinaanza na swali, “Who can bwogo me?”, kitenzi kikiwa peke yake, halafu ndipo jibu linakuja na neno zima. Unasikia swali mara chache, unaona jinsi linavyoulizwa kwa kifua mbele, na maana inakaa. Sura ya neno ilikuwa ya Wakenya wote, kiini kilikuwa cha jamii moja, na jamii hiyo haikulazimika kukificha ili wengine waingie. Nyimbo nyingi za mseto hushindwa kufanya hivyo. Ama zinageuka za kabila moja, ama zinapoteza ladha kabisa.

Wasomaji wengine huniuliza kwa nini Kiswahili hakikutosha, na ni kweli tunacho cha kujibu. Tuna -ik-, ambayo kazi yake ni ileile: soma, someka, tisha, tishika. “Sitishiki” ni neno safi na lina ukali wake. Tofauti ni kwamba Kiswahili hakikuachii useme sifa hiyo bila kusema ni ya nani. Sitishiki ni mimi, hatutishiki ni sisi, hatishiki ni yule. “Unbwogable” haina mwenye neno ndani yake. Vijana wawili walijisifu nayo wenyewe, baadaye chama kizima kikajivika, na neno halikubadilika hata herufi. Wanasiasa wanapenda sana kitu cha namna hiyo.

Lakini asili ya msemo haiishii kwenye viambishi, na hapa jirani yako mwalimu angefanya vizuri kunisikiliza. Wimbo huu ni pakruok. Kama umewahi kukaa kwenye ngoma ya ohangla au kwenye matanga yenye mpiga nyatiti, kile kinanda cha nyuzi cha Wajaluo, umeiona: mtu anasimama, anamzuia mpigaji, anatoa pesa, muziki unanyamaza, kisha anajisifu. An wuod fulani, mimi ni mwana wa fulani. Nyakwar fulani, mjukuu wa fulani. Anataja kwao, rafiki zake, mpenzi wake, mambo makubwa aliyofanya na mengine ambayo hajafanya bado. Watu wanacheka, wanashangilia, muziki unarudi, mwingine anasimama. Jina lenyewe latokana na pako, kusifu. Wapigaji wa benga, muziki wa gitaa wa Kenya, waliiingiza kwenye santuri, majina ya marafiki na wafadhili yakatajwa katikati ya gitaa, na hakuna aliyeona kwamba ni majivuno mabaya. Katika pakruok kujisifu ni mchezo wenye kanuni: lazima uwe na lugha, na lazima uwe tayari kumwachia mwenzako zamu.

Gidi na Maji walichukua desturi hiyo wakaiweka juu ya mdundo wa hip hop, ambayo nayo asili yake ni majigambo. Ndiyo sababu wimbo umejaa majina ya watu mashuhuri wa Kijaluo na maswali ya kumkabili msikilizaji: wewe ni nani, unanijua mimi? Anayeusikia kwa mara ya kwanza hudhani ni siasa. Ukiusikiliza kwa utulivu unasikia vijana wawili wanaotafuta pesa, waliochoka kudharauliwa, wanaosimama katikati ya ngoma kama babu zao na kujitaja. Joyce Nyairo na James Ogude waliandika makala ya kitaaluma mwaka 2005 kuhusu wimbo huu na mazungumzo ya uhuru nchini, kwa hiyo usimruhusu mtu akwambie ni upuuzi wa vijana.

Hata hivyo, kitenzi “kutisha” hakikuwa kitenzi cha kawaida katika mji wenu. Kutoka kibandani kwako unaweza kutembea kwa miguu hadi hospitali ambayo wazee bado huiita Russia, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, na ambayo siku hizi ina jina la Jaramogi Oginga Odinga, baba yake Raila. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alikuja kuifungua. Yeye na Jaramogi walirushiana maneno hadharani, ghasia zikazuka, walinzi wakafyatua risasi, watu wakafa. Siku chache baadaye chama chake Jaramogi, KPU, kilipigwa marufuku na yeye mwenyewe akawekwa kizuizini. Tom Mboya alikuwa ameuawa Julai ya mwaka huohuo. Mtu aliyekuwa kijana Kisumu mwaka 1969 alikuwa mzee wa makamo mwaka 2002, na katikati ya miaka hiyo aliona vizuizi vingine na hofu nyingine. Sisemi vijana wale walikuwa studio wakiwaza hospitali ya Russia. Ninachosema ni kwamba neno lao lilipofika kwa mzee huyo, lilikuta mahali pa kukaa.

Na nchi nzima ilikuwa na mahali hapo. KANU ilikuwa madarakani tangu uhuru, Moi alikuwa amekaa miaka 24, na watu walikuwa wamezoea kuongea siasa kwa sauti ya chini. Tarehe 27 Desemba 2002 Mwai Kibaki alimshinda Uhuru Kenyatta, aliyekuwa chaguo la Moi. Wimbo haukuleta ushindi huo, wacha tuwe wakweli. Muungano wa vyama ndio ulioleta kura. Wimbo ulisaidia watu kusema kwa sauti kwamba woga umeisha, tena waliusema kwa neno la Dholuo huku wakimpigania mgombea Mkikuyu. Mambo hayo hayakudumu. Kufikia kura ya maoni ya katiba ya tarehe 21 Novemba 2005, ile ya ndizi na chungwa, waliokuwa wakiimba pamoja walikuwa wamegawanyika, na tangu hapo kila mwanasiasa anayeitwa kuhojiwa na polisi hujiita unbwogable kwenye ngazi za mahakama. Binafsi naona wamelichosha kidogo.

Jirani yako mwalimu nitamjibu kwa ufupi. Darasani yuko sahihi: mwanafunzi asiliandike kwenye insha ya Kiingereza ya mtihani ila kama analinukuu. Nje ya darasa hana hoja. Kiingereza kibovu ni pale mtu anapotaka kusema Kiingereza sanifu akashindwa. Hawa hawakukishindwa, walikitumia walivyotaka.

Sasa tisheti. Sheria inatofautisha vitu viwili ambavyo watu wa biashara hupenda kuvichanganya. Cha kwanza ni hakimiliki, inayosimamiwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Hii hulinda kazi iliyotungwa: wimbo, mashairi yake, sauti iliyorekodiwa, picha ya kwenye jalada. Neno moja peke yake kwa kawaida halihesabiwi kuwa kazi. Kwa hiyo kuandika “Unbwogable” tu kifuani si sawa na kuchapisha ubeti mzima mgongoni au kuweka picha ya wanamuziki. Hayo mawili ya mwisho usiyafanye bila ruhusa ya maandishi.

Cha pili ni alama ya biashara, na hapa ndipo unapohitaji kuwa macho, kwa sababu alama ya biashara inaweza kuwa neno moja tu. Husajiliwa katika Taasisi ya Mali ya Viwanda, KIPI, kwa makundi ya bidhaa. Nguo ziko kundi la 25. Usajili hudumu miaka 10 na unaweza kuongezwa. Kisa kinachojulikana sana ni cha “Hakuna Matata”, maneno ambayo watu walikuwa wakiyasema siku zote kabla Them Mushrooms wa Mombasa hawajayaweka kwenye wimbo mwaka 1982, na kabla filamu ya Disney ya 1994 haijayapeleka duniani. Disney waliomba kuyasajili Marekani mwaka huohuo kwa ajili ya nguo, wakapata usajili mwaka 2003, na mwishoni mwa 2018 malalamiko yakaenea mtandaoni. Wengi walidhani Waswahili wamekatazwa kusema. Hakuna aliyekatazwa kusema. Usajili wa aina hiyo huzuia kuuza bidhaa fulani kwa alama hiyo, katika nchi ulikosajiliwa. Lakini wewe unauza nguo, na uko Kenya, kwa hiyo kama kuna aliyelisajili “Unbwogable” hapa kwa kundi la 25, linakuhusu moja kwa moja.

Njia ya kujua ni kuomba KIPI wafanye utafutaji wa awali kwenye daftari lao. Yeyote anaweza kuuomba kwa kulipa ada, na matokeo huja kwa maandishi. Kwa agizo dogo la kikundi, wengi hawajisumbui, na hatari yake ni ndogo. Kwa shehena ya kampeni ningeona ni uzembe kutofanya hivyo, kwa sababu ada ya kutafuta haifiki hata robo ya hasara ya mzigo uliozuiwa. Ukiona limesajiliwa, au daftari likakuchanganya, hapo maelezo yangu yamefika mwisho: tafuta wakili anayeshughulika na mali bunifu, ukae naye ana kwa ana, ukiwa na sampuli ya tisheti mkononi.

Una njia nyingine pia, nazo nitakupimia bila kukupendelea. Unaweza kuwatafuta wanamuziki wenyewe. Hawajajificha, na Gidi amekuwa mtangazaji maarufu wa redio kwa miaka mingi. Ruhusa yao ni heshima hata pale ambapo sheria haiidai, na mteja akijua umeipata, bei yako inapanda. Ubaya wake ni kwamba wanaweza kutaka fungu, au wakachelewa kujibu hadi kampeni ziishe. Unaweza vilevile kuchapisha “Sitishiki” au “Hatutishiki”. Haitauza sawasawa Kondele, sikudanganyi, lakini Nakuru na Kakamega itaeleweka bila maelezo, na hakuna kikundi cha siasa kinachoweza kusema ni chake. Kwa mechi za Gor, kijani na nyeupe ni rangi tu, tumia. Nembo ya klabu ni mali ya klabu, iache mpaka wakuruhusu. Tisheti za wanasiasa chapisha baada ya kulipwa. Hilo si isimu, lakini nimeona wachapishaji wakidai hadi uchaguzi unaofuata.

Ukiamua kuongeza maneno mengine ya Dholuo kwenye nguo, usiyatoe kwenye simu. Kaa na mzee au mama anayekisema vizuri akusomee kila herufi kabla hujatengeneza fremu ya kuchapishia, kwa sababu neno moja laweza kuwa na maana mbili kulingana na toni, na moja yao huenda haifai kuvaliwa kanisani. Neno hili lenyewe huandikwa kwa bw. Wanaoandika “unbogable” wameliondolea sauti inayolipa nguvu.

Na barua ya wakili ikikufikia siku yoyote, usiijibu kwa WhatsApp wala usimpigie aliyeiandika ukiwa na hasira. Simamisha uchapishaji wa muundo huo, hifadhi stakabadhi zako na jibu la KIPI pamoja, na umpelekee wakili wako zote kama zilivyo.